Taa za Vibuyu na Aibu ya Mkwe

Ihanja,
Singida, Tanganyika.
19 Januari, 1955.

Mpendwa kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Habari za Dar es Salaam na joto lake? Shemeji Klara hajambo? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona, au bado unakohoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua zimeanza vizuri na uwele umefika magotini.

Ule waya wa taa za Krismasi ulionitumia, waliouacha Wazungu uliowafanyia kazi walipohama, ulifika salama. Nilipoufungua nilicheka. Kaka, umesahau kwamba huku umeme hatuna hata wa kuuota? Lakini unanijua mimi na tabia yangu ya kuchokonoa vitu. Nilitoa globu zake, nikafunga globu ndogo za tochi, nikauunga kwenye betri kuukuu ya lori la tajiri wangu. Mke wangu Dorika, mjamzito wa kuhesabiwa siku, alikata karatasi za peremende nyekundu na za kijani, akazibandika kwa gundi ya mgunga. Mimi nikakata vibuyu vidogo, nikavitoboa kwa msumari wa moto, kila globu nikaivika chake. Tulicheka sana siku zile. Natamani barua hii ingeishia hapo.

Ila mficha uchi hazai, na jambo hili nitamwambia nani kama si wewe? Nimeaibika, kaka.

Mkesha wa Krismasi watu walikula uani kwetu, gizani, moto umebaki makaa. Mama yake Dorika alikuwa amekuja kutoka Sepuka ili akae na binti yake hadi ajifungue. Unajua mila yetu: mimi na yeye hatutazamani, na kumwona mkwe akila ni jambo lisilosemeka. Ndiyo maana akina mama walimkalisha penye giza, karibu na ukuta wa nyumba yetu ya tembe, palepale nilipokuwa nimetundika taa, apate kula kwa raha. Mimi nilidhani yuko ndani. Nilitaka kuwashtua watu, hivyo sikumwambia mtu. Nikaunga waya kwenye betri.

Taa ziliwaka zote. Chini yake, mbele yangu kabisa, alikuwa mama mkwe, kitambaa cha kichwa kimeangukia begani, mfupa mdomoni, mafuta hadi kidevuni. Watoto walipiga makofi. Nami, badala ya kuung'oa waya, nilisimama kama gogo nikimtazama. Hilo ndilo linalonichoma. Hata mbuzi angekuwa na akili ya kugeuza uso.

Alijifunika kanga, akaondoka usiku uleule kwa miguu. Mama yetu aliniambia, "Damiani, umemvua nguo mkweo mbele ya watoto." Tangu hapo haniambii kitu isipokuwa kunituma kuni. Kesho yake ile kanga, ambayo mimi ndiye niliyemnunulia mama mkwe, ililetwa imekunjwa vizuri.

Taa nilizifungua nikazitia guniani. Dorika hakunilaumu, lakini kila jioni alikuwa akitazama njia ya Sepuka. Huyu ni mtoto wetu wa kwanza, naye alikuwa na hofu. Nilituma watu wakamwombe mama yake, wakarudi kama walivyokwenda. Mwishowe alituma neno: atakuja kumzalisha mwanawe, mradi mimi nitoke nyumbani, na nisirudi mpaka mkubwa wa ukoo wetu aende kwake na mbuzi, aombe radhi kwa kinywa chake. Baba hayupo. Mkubwa ni wewe. Mbuzi ninaye. Bwana wako wa sasa akikupa ruhusa, hata fupi, njoo kaka.

Nakuandikia nikiwa kwa Alute, jirani yetu, ng'ambo ya shamba. Dorika alijifungua juzi, salama, mikononi mwa mama yake. Ni mtoto wa kike. Alute amemwona, hata muuza chumvi mpita njia amemwona, na wote wananiambia amechukua sura yangu. Mimi namsikia tu akilia.

Nisalimie shemeji Klara, na Stefano na Febronia, waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Mama anakusalimu, nadhani, maana hakunituma. Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Damiani