Gari la Kaka Yako Limepanda Kilima

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. U hali gani huko uliko? Shemeji hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Natumaini baridi imepungua, na lile goti lililokuwa likikusumbua ngazini limepata nafuu. Sisi huku tu wazima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina jibu. Nakula, nalala, naamka, nakaa kwenye cherehani.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hulia, nami hukaa kimya, na mwisho wake tunaagana hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Karatasi ina subira kuliko sisi wawili.

Kwanza, jambo ambalo najua linakukosesha raha. Nimesikia umeambiwa gari lilimwangukia kaka yako. Wifi, halikumwangukia. Nilikuwepo. Gari lilikuwa limekaa juu ya vigingi vya chuma, magurudumu ya nyuma yametolewa, na halikutikisika hata kidogo. Alitoka chini yake mwenyewe, akafuta mikono kwa kitambaa, akakaa juu ya tairi la akiba, akaniambia kifua kinambana, nimletee maji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameegemea ukuta kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ungeweza kusimama hata akiwa anapiga mswaki. Yale maji niliyanywa mimi. Sijui kwa nini. Kikombe kilikuwa mkononi.

Usinifikirie vibaya ukisikia kwamba sijalia. Watu walikuja wakanishika mikono, nikawa naitazama kama mikono ya mtu mwingine. Nilifua mashati yake, nikayaanika, nikayapiga pasi, nikayarudisha kabatini. Jirani alinikuta nikipiga pasi, akatoka bila kuaga.

Hukuweza kuja kwenye mazishi, na hakuna anayekulaumu. Lakini kuna jambo la siku ile ambalo nadhani hukuelezwa. Tulimzika shambani, kando ya baba yenu. Unaikumbuka njia ya kupanda kule kilimani. Basi sasa si ile unayoijua. Mvua zimeila. Pale kwenye korongo udongo umeondoka wote yamebaki mawe, na gari lililobeba jeneza liliishia chini. Wanaume wakalipandisha jeneza begani. Mama, na miguu yake ile, hakuweza. Walitaka kumbeba kwenye kiti, akakataa. Alisema hawezi kubebwa siku ile ile anayobebwa mwanawe. Akabaki nyumbani na mama wa jirani. Kwa hiyo, wifi, mama yako hakumwona mwanawe akiingia kaburini. Tuliporudi alikuwa amejifungia chumbani, na akawa wa humo humo.

Sasa nikueleze kaka yako alikuwa akifanya nini chini ya lile gari, maana nalo limesemwa vibaya.

Ni lile lile la kijani, la zamani, lenye buti refu. Mama alikuwa amemwomba ampeleke shambani akaone kaburi la baba yenu, kwani tangu njia iharibike hakuwahi kufika. Walijaribu, wakakwama. Gari limekaa chini mno, na nyuma lilikuwa limelala kabisa. Tumbo liligonga mwamba, ekzosi ikang'oka, wakarudi wakinguruma mtaa mzima unatoka nje kutazama. Nilimshauri kaka yako anunue gari jingine, akanitazama kama nimemwambia abadilishe mama. Akaamua kuliinua. Mbele alimaliza mwenyewe. Nyuma ndiko kulikobaki.

Gari lile nyuma linabebwa na springi za mapande, yaani vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimefungwa pamoja. Za kwake zilikuwa zimechoka hadi zimenyooka kama rula. Alizunguka kwenye magari mabovu mpaka akapata mapande mazito ya gari la mizigo, akayaleta nyumbani anayachekea. Siku aliyofariki alikuwa ameshafungua za zamani.

Baada ya mazishi akaja baba mdogo na kamba, anataka gari livutwe likauzwe chuma chakavu. Alikuwa na uchungu, namwelewa. Ila alisema akiwa sebuleni, mlango wa Mama uko wazi: "Gari hili limemuua mtoto wetu. Haliwezi kuendelea kukaa uani."

Kesho yake nilipompelekea Mama chai nilimkuta ameelekea ukutani. Hakugeuka. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwomba anipeleke. Basi ni mimi."

Ningependa kukuandikia kwamba nilimkumbatia, lakini sikumkumbatia. Niliweka chai juu ya stuli, miguu ikanipeleka uani. Nikafunua turubai. Mapande aliyoyapata yalikuwa yamepangwa juu ya gunia, makubwa kwa madogo, na nati zake kwenye kopo la maziwa, amezipaka grisi zisipate kutu. Nilikaa pale mpaka jua likanifikia. Kisha nikamwendea baba mdogo nikamwambia gari haliondoki. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama ninayemwambia mteja kwamba suruali yake haijawa tayari. Alinitazama sana, akakunja kamba yake.

Wewe pia uliniambia kwenye simu niliondoe hilo dude. Nilikusikia, wifi. Nakuandikia ujue kwamba sikukutii, na sababu yake.

Unamkumbuka Kimya, fundi rafiki yake kaka yako, yule aliyeitwa hivyo kwa sababu hanyamazi? Kwenye mazishi alikuwa kimya kweli, hadi watu wakamwogopa. Nilipomwomba aje anisaidie kumalizia kazi hakuuliza chochote. Alikuja na mkoba wake, akapiga magoti nyuma ya gari, akasema, "Shemeji, nishikie taa." Nikashika taa. Baadaye nikashika spana. Baadaye nikawa chini naye, mgongo kwenye boksi lililokunjuliwa, pale pale kaka yako alipolala. Nilingoja nisikie kitu. Nilisikia baridi ya sakafu tu.

Kazi yenyewe si ya siku moja. Tuliunganisha yale mapande mazito na yale ya zamani yaliyokuwa na nafuu, tukanunua bolti ndefu zaidi za kuyafunga kwenye ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, maana za zamani hazikufika. Shokomzoba, zile zinazozuia gari lisidundedunde, nazo zikawa fupi, tukatafuta ndefu. Tulipolishusha chini mara ya kwanza, mkia ulikaa juu na pua chini, kama bata anayekunywa maji. Kimya alicheka. Halafu akageukia ukuta akajifanya anatafuta nyundo.

Tukalipeleka barabarani kulijaribu. Wifi, lilitetemeka hadi meno yakagongana. Kimya, ambaye sasa maneno yalikuwa yameanza kumrudia, alinieleza njia nzima: ukiinua gari, ile shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma inaingia ikiwa imepinda vibaya, haiwezi kuzunguka kwa raha. Akachonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli ili ekseli ielekee juu kidogo. Mtetemo ukaisha. Mimi nami nilimwonyesha bomba la breki. Nilikuwa chini, gari limeinuliwa kwa jeki na magurudumu yananing'inia, nikaona bomba limevutika kama mshono ulionyimwa kitambaa. Akaligusa kwa kidole, akanyamaza. Lingekatika kwenye shimo la kwanza. Tukaweka refu.

Baba mdogo alikuwa akipita uani anajifanya ana safari zake. Siku ya mwisho alisimama, akainama, akatazama chini. Akauliza kama litafika kweli. Nikamwambia sijui. Akasema basi tutakapokwenda yeye atatangulia mbele pale kwenye mawe, kwa sababu anayajua.

Nikaingia kwa Mama. Nilimwambia kazi ya gari imekwisha, na kwamba nakwenda nalo kilimani. Nikamweleza kwamba springi mpya ni ngumu, gari likiwa tupu linarukaruka, ni lazima akae mtu nyuma wa kulituliza. Nilikuwa nasema kweli tu. Mama akageuka kitandani akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu yale yatokee.

"Kwa hiyo mimi ni gunia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akajiinua akakaa. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.

Kimya alitaka kuendesha yeye, nikakataa. Kaka yako ndiye aliyenifunza usukani, tena kwenye njia ile ile, wakati bado ni njia. Tukapanda. Pale korongoni baba mdogo alikuwa mbele kwa miguu, anarudi kinyumenyume huku ananionyesha kwa mikono, kushoto, kushoto, hapo hapo, njoo. Niliweka gia ya kwanza. Gurudumu la nyuma likapanda juu ya mwamba, gari likainama upande mmoja hadi nikaiona mbingu kwenye dirisha la Mama, na gurudumu la pili likabaki hewani. Nilikuwa nikingoja kelele ya chuma kwenye jiwe. Tulishuka taratibu upande wa pili, mapande yakalia kama kitanda cha zamani, na ile kelele haikuja. Mama alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono yote miwili.

Juu kumetulia. Nyasi zimeota kwa baba yenu, na kwa kaka yako udongo bado ni mtupu, umeanza kutitia. Nilifungua mlango wa nyuma. Mama hakuteremka mara moja. Alikaa anatazama makaburi yote mawili, la zamani na jipya. Kisha akashika mlango, akashika bega langu, akatembea hatua zake. Kimya na baba mdogo walibaki nyuma. Alisimama kwenye udongo wa mwanawe, akasema kwa sauti ya kuongea na mtu aliye chumba cha pili:

"Nimefika, baba. Umenileta."

Ndivyo alivyosema, wifi. Hakusema nimeletwa na mkwe wangu, wala na Kimya. Baba mdogo alivua kofia yake. Mama akaniambia nimletee kiti cha mbele cha gari kama kinatoka. Hakitoki. Basi akakalia bampa, akazungumza na watu wake wawili kwa muda, maneno ambayo sikusogea kuyasikia.

Mimi niliinama chini ya gari nikaangalia kama kuna mafuta yanayovuja. Hayakuwepo. Nilikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Nilikuwa nimedhani kwamba nikifika pale juu nitalia, kwamba labda ndicho nilichokuwa nakifanyia kazi siku zote zile. Sikulia. Nisikudanganye.

Tulipokuwa tunateremka, baada ya korongo, pale njia inapokuwa nzuri kidogo, Mama aliniambia kutoka nyuma:

"Punguza mwendo. Unaendesha kama yeye."

Nilipunguza. Kitu kidogo kilinipita kifuani, kama mtu anayepita uani kwako bila kubisha, na kabla sijageuka kimeshakwenda. Nilitazama mbele. Nimekaa nikikiwaza tangu siku ile, nangoja kama kitarudi.

Mama sasa anakaa kibarazani asubuhi. Hajachangamka, usidhani hivyo. Lakini ameanza kuulizia habari zako, na ameniambia safari ijayo atakaa mbele. Baba mdogo ameleta watu wawili na majembe, wanajaza mawe kule korongoni. Akiulizwa anasema anasaidia gari.

Nakuomba kitu kimoja. Ukimpigia Mama, usimwulize gari lilianguka vipi. Mwulize njia ya shambani ikoje siku hizi. Atakueleza jiwe kwa jiwe. Msikilize mpaka amalize, hata kama unalia.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha uwaambie kitanda cha juu ni cha atakayeamka wa kwanza. Kimya anakusalimu, kwa maneno mengi ambayo nimeyapunguza. Baba mdogo anakusalimu. Mama anasema uvae soksi.

Mungu akulinde ugenini, akufikishe kwetu ukiwa mzima, na njia aitunze mpaka siku hiyo.

Ni mimi, nikupendaye leo kama siku aliyonileta kwenu,

Wifi yako.