Zamu ya Ijumaa Saa Moja

Vantaa, Jumamosi, 13 Septemba

Mdogo wangu Sirpa,

Jana Ijumaa, saa moja kamili jioni, nimepoteza zamu yetu ya sauna, ile saa yetu ya kila wiki kwenye chumba cha mvuke cha jengo. Salamu nazileta nyuma: hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linalia nikikanyaga breki.

Nilishuka chini ya jengo lenu na taulo langu na soseji nne za kuchoma juu ya mawe ya jiko la sauna. Nafungua mlango, nakuta wanawake watano wa ule mkutano wenu wa wakutubi wamejipanga kwenye benchi zetu. Na nguo za kuogelea! Sauna na nguo, Sirpa, sisi tuliolelewa kuingia uchi! Mmoja ana kitambulisho cha mkutano shingoni, plastiki imeanza kujikunja kwa joto.

"Nani kawaruhusu?" nikauliza. Akanionyesha kijitabu cha taarifa za wageni, ulichokiandika wewe.

Ukurasa wa pili: kutoka uwanja wa ndege pandeni treni, nusu saa mpo mjini, teksi hamna haja nayo. Dada yako anaendesha teksi. Miaka kumi na moja niliendesha gari la watu mpaka nikapata langu. Lakini hilo nimelimeza.

Ukurasa wa tano haumezeki: "Ijumaa zote mbili za mkutano, saa moja jioni, karibuni sauna ya jengo langu." Jengo lako, sawa. Zamu ni ya mama. Alingoja mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akahama ndipo akaipata, sisi hatujaanza shule. Alipofariki nikakuachia nyumba, vyombo, mapazia. Niliomba kitu kimoja, saa ile, mimi na wewe.

Soseji nimewaachia. Usidhani ni ukarimu, nilitoka kwa hasira nikazisahau.

Dada yako,
Vuokko

Kallio, Jumatatu, 15 Septemba

Dada Vuokko,

Salamu. Kifua kimepoa, asante. Hilo goti lipeleke kwa daktari, wewe unasubiri mpaka lidondoke barabarani.

Ulipofungua mlango nilikuwa juu, nachukua kahawa na maandazi ya iliki. Ungengoja kidogo ungenikuta. Lakini wewe kungoja unangoja abiria tu.

Unasema zamu imepotea Ijumaa. Kwangu ilipotea tangu katikati ya kiangazi. Wiki ya kwanza ukasema ndege zimejaa. Ya pili, una abiria wa kwenda mji wa Tampere. Baadaye hukusema kitu. Nimekaa benchi la juu peke yangu, namwaga maji juu ya mawe, mvuke unapanda, hakuna wa kunipigia kelele, "Punguza, utanichuna ngozi!" Kisha mwanamke wa Chile, Rosaura, akaniandikia kabla ya safari: jioni watu wa huko mnafanya nini? Niliona aibu kumwambia kwamba nakaa peke yangu. Nikaandika ukurasa wa tano.

Na treni, ulitaka niwadanganye watu mia tatu kwa sababu dada yangu ana teksi? Gari lako likiwa gereji wewe mwenyewe hupanda treni, tena unaisifu.

Kwa hiyo unawaonea wivu watu wanaooga na nguo? Rosaura hajui neno la Kifini, ila anajua kunyamaza. Nimempa kata ya mama amwage maji. Ijumaa hii wanarudi. Nafasi ipo. Ukitaka njoo, ila usininunie kwa barua.

Mdogo wako,
Sirpa

Vantaa, Jumanne, 16 Septemba

Sirpa,

Hujambo. Mimi sijambo. Goti halikuhusu.

Umempa kata? Kata ya mama, yenye mpini ulioungua nilioufunga waya mimi kwa mikono hii? Mimi hukuniachia hata siku moja. "Lete hapa, unamwaga mengi!" Miaka yote hiyo! Mtu wa siku kumi kaishika. Basi na kona ya mama kwenye benchi amekaa yeye? Usiniambie. Niambie.

Ijumaa jioni ndiyo robo ya mapato yangu ya wiki, ndiyo maana sikuja. Nilidhani saa ile ipo tu, inaningoja kama taulo kwenye msumari. Sasa sikiliza. Kituo kinachotugawia abiria kinataka kujua Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kama gari langu litatoka Ijumaa. Baada ya hapo haibadiliki.

Wageni wako siwafukuzi. Ipo sauna ya umma pale baharini, nzuri kuliko yetu. Nitawapeleka mwenyewe, safari mbili, bure, na nguo zao za kuogelea, niwarudishe hotelini kabla ya saa moja. Kaandike hilo kwenye kijitabu chako. Kata ibaki.

Usiniambie "nafasi ipo." Nafasi ipo kwenye basi. Nakuuliza wewe, na nataka jibu kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili: Ijumaa hii, saa moja jioni, benchi la juu, unakaa na nani?

Dada yako,
Vuokko