Pini ya Shanga

Kisanga, Jumanne

Sijamwambia mtu. Leo, katika zamu ya mstari wangu, nilibeba shambani kile kipima sumaku kinachotafuta chuma kilichofukiwa, huku uzi wa shanga zangu za kiunoni nimeufunga kwa pini ya chuma.

Mtaalamu wa mambo ya kale alituambia, "Toeni simu, mikanda, funguo. Chuma chochote kinaidanganya mashine." Wanaume wote walikuwa pale. Ningesemaje habari za shanga?

Jioni akaitazama kompyuta, akashangilia. "Mstari wa Rehema umejaa chuma! Hapa palikuwa na tanuru la wahunzi wa kale."

Kesho watachimba hapo, kwenye mahindi mabichi ya Bibi Asha. Naye amekubali. "Chimbeni tu, wanangu." Kumbe chuma chenyewe ni pini yangu tu...

Asubuhi nitamvuta pembeni Dada Neema, mwanamke mwenzangu kazini, nimwombe turudie mstari wangu bila pini.

Akijua yeye na wewe, daftari, inatosha. Usimwambie mwingine.