Kambare Aliyelazwa Godoroni

Malvern, Johannesburg

Dada Beatha,

Shikamoo. Ukerewe mko wazima? Magoti je? Na yale meno mawili, bado yapo au moja limehama? Huku tupo. Mimi tu nimevimba, ila ni hasira, usikimbilie mganga.

Unajua Paskalia wetu ana mimba. Nyama hataki, kuku hataki, analilia kichwa cha samaki wa maji baridi kama wa kwetu. Mumewe Clinton, ambaye mama yake Mtanzania, akasema twende tukavue, kuna bwawa kwenye mashamba ya mahindi kule Free State. Nikamwambia Paskalia abandike maji kabisa, baba yake harudi mikono mitupu. Nikatangaza Jules Street nzima. Mama Falonne, yule Mkongo msusi, akasema atakuja na fufu yake, ule ugali wao wa muhogo.

Dada, nikavua! Kambare, mrefu kama wewe, masharubu kama ya marehemu babu. Ng'ombe wa shamba waliacha majani wakasimama kunitazama. Clinton akamtoa kwa wavu, mimi nikageuka kutafuta kisu. Kurudi, mkweo kamlaza samaki kwenye godoro dogo alilokuja nalo. Godoro, Beatha! Anampaka dawa pale ndoana ilipomchoma. Akampiga picha, akambusu, akamrudisha majini! Namuuliza kama ana wazimu, ananijibu eish, baba, huku ndivyo tunavyovua, tunamwacha akue. Akue awe nani, mbunge?

Tangu siku ile simsemeshi. Paskalia alikula ugali na spinachi ya spaza, kiduka cha mtaani, huku machozi yanamtoka. Mama Falonne alirudi na fufu yake, ila alishaonyeshwa ile picha ya godoroni, akauliza mlangoni kama mgonjwa wangu ameshapata nafuu. Sasa mtaa mzima wananiita Daktari wa Samaki. Mimi! Mimi niliyevutana na sangara mpaka mtumbwi ukaenda kinyumenyume!

Hapa soma peke yako. Alipomwachia yule kambare, nilimrukia. Na viatu. Mkia niliushika, haki ya Mungu. Akanizamisha. Clinton akanitoa kwa wavu uleule, suruali ikabaki bwawani. Mkwe wangu, Beatha, kaniona nilivyozaliwa! Akanitupia koti lake, akageuka akatazama mahindi mpaka nikakauka. Na mpaka leo hajamwambia mtu, hata mkewe. Hilo ndilo linanichoma kuliko yote. Mtu kama huyo utamkasirikia mpaka lini? Na mimi bado sijamaliza!

Basi ukipata mtu anakuja huku, mpe sato wakavu wa Paskalia, wenye vichwa. Ongeza mmoja mnene wa Clinton, ila useme ametoka kwako. Na suruali.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wajukuu wako wanaokufichia miwani. Kaa salama, dada.

Ni mimi ndugu yako, mvuvi, wasikudanganye,
Leodgar