Maji ya Siku Sita

Jumatatu, 21 Machi 1994
Saa tatu kamili. Milimita kumi na mbili. Nikaandika, nikamwaga, nikarudi kitandani.

Eti nimevuka mpaka kutoka Voi kuja kusoma kilimo chuoni Morogoro, na kilimo chenyewe ni kusimama uani kwa Bi Zaina hapa Kilosa nikipima mvua. Kila siku, masika yote, bila kuruka hata moja. Siku ikikosekana, jedwali halikubaliwi. Jedwali lisipokubaliwa, sihitimu. Msimamizi anakuja tarehe 12 Aprili kukagua vipimo na kuchukua sehemu ya kwanza ya ripoti. Ripoti ina kichwa cha habari na jina langu. Basi.

Bi Zaina ameniletea togwa tena. Nimekunywa vikombe vitatu. Hilo nalikamilisha bila kusukumwa.

Jumatano, 23 Machi
Bi Zaina huja kunitazama nikipima. Anasimama tu na ufagio wake mkononi, na nikimwaga maji anaguna. Kwa nini anaguna?

Na huyu Shabani, mpwa wake, anayeuza mitumba sokoni. Leo kauliza, "Dada Wakesho, hiki chombo chako ni shaba tupu?" Nikajifanya sikusikia. Siku hizi kila kitu kina mnunuzi. Kuna lori linalokuja kutoka Dar kuchukua shaba chakavu, na watu wameanza kuvunja hata bomba za mashamba ya mkonge. Kipimamvua ni cha chuo. Kikipotea, nimekwisha.

Namchukia mtu anayeuliza maswali huku anacheka.

Ijumaa, 25 Machi
Nimeamka saa tano. Nimepima, nimeandika saa tatu. Nani atajua?

Barua ya Neema. Tumesoma darasa moja, yeye kapangiwa Mikumi. Anasema njoo Pasaka, kuna gari la kutupeleka mbugani, kuna nyama choma barabara kuu usiku na mchana. Anasema pia ripoti yake imefika ukurasa wa arobaini. Hilo la pili ndilo lililomfanya aandike barua. Namjua.

Jumanne, 29 Machi
Mtu amegusa chombo changu. Nina hakika. Majani yaliyokizunguka yamekatwa, na shingo yake imefutwa inang'aa. Nyayo za ndala kwenye tope, kubwa. Shabani anavaa ndala. Na wenzake wote wanavaa, lakini wenzake hawajaniuliza habari za shaba.

Sijaandika ripoti. Kichwa kinauma. Nimekula vitumbua saba.

Alhamisi, 31 Machi
Nimepima saa tatu, kweli saa tatu. Milimita nne. Naondoka na lori la mbao kwenda Mikumi.

Kioo cha kupimia na daftari nimefungia sandukuni, ufunguo nimeuvaa shingoni. Mtu asije akachezea hesabu zangu. Bi Zaina nimemwambia tu: nakwenda kusali Pasaka na rafiki, narudi Jumatatu, mtu yeyote asisogelee chombo. Ameuliza, "Na maji je, mwanangu?" Nikamjibu, maji yaache. Akaguna.

Hizo siku nitakazokosa nitajaza mwenyewe. Nimepima mwezi mzima na zaidi, najua mvua ya Kilosa ilivyo.

Jumapili, 3 Aprili. Mikumi
Tembo kumi na mmoja, nimewahesabu. Twiga amevuka mbele ya gari taratibu, kama mama mkwe anayejua anasubiriwa. Nimecheka hadi Neema akanibana mkono. Kanisani asubuhi, mishikaki mchana, miwa jioni. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nije nchi hii.

Neema kanionyesha ripoti yake. Imechapwa. Ana mtu wa kumchapia! Nikasema nzuri. Moyoni nilitaka kuitia kwenye jiko la mishikaki.

Mvua imepiga usiku kucha. Na Kilosa je?

Jumatatu, 4 Aprili. Mikumi
Hakuna gari. Barabara inayopita kijiji cha Ulaya imekatika. Wasafiri stendi wanasema mto Mkondoa umefurika na watu wa Kidete wamehamia mlimani. Neema anauliza nani ananipimia. Nikasema nimemwachia mtu. Uongo umenitoka laini kabisa, mwenyewe nimeshangaa.

Jumatano, 6 Aprili. Kilosa
Nimefika saa saba, tope hadi magotini. Moja kwa moja uani. Chombo kipo. Nimekifungua.

Kikavu. Hakuna hata tone!

Siku sita za mvua, na ndani pakavu kama sufuria iliyosuguliwa. Mtu amemwaga. Bi Zaina hayupo, kachukua treni leo asubuhi kwenda Kidete msibani. Yupo Shabani. Nikamuuliza nani kamwaga maji yangu. Akatabasamu, "Msubiri shangazi, akirudi atakwambia mwenyewe." Kisha akaenda zake sokoni, bado anatabasamu. Mkononi alikuwa na chupa mbili tupu za soda.

Ananifanyia makusudi. Anajaribu aone kama nitagundua, halafu siku moja chombo chenyewe kiondoke.

Nimejaza siku sita kwa wino. Tano, saba, tatu, nane, sita, nne. Zinapendeza.

Alhamisi, 7 Aprili
Nimechungulia chumbani kwa Bi Zaina. Sioni aibu kuandika hivyo. Chini ya kitanda kuna chupa za soda, zimezibwa kwa magunzi ya mahindi na kufungwa shingoni kwa nyuzi za mkonge. Saba. Ndani kitu cheupe, kama maji.

Gongo, ile pombe ya magendo. Nani asiyejua chupa ya gunzi ina nini? Ndiyo maana Shabani anaokota chupa. Ndiyo maana anacheka. Anapika gongo, anaficha kwa shangazi yake, na chombo changu cha shaba ndicho kingemfaa kwenye mtambo. Yote yanaingiana. Usingizi umekataa.

Ijumaa, 8 Aprili
Naandika haraka kabla sijajisemea uongo mwingine.

Asubuhi nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikamwambia yote. Baada ya sala ya Ijumaa akaja na wazee wawili, na nyuma yao mtaa mzima. Shabani aliitwa kutoka sokoni. Furushi lake la mitumba likafunguliwa pale chini, shati moja moja, kwenye tope, watu wakitazama. Aliniangalia tu. Kisha mjumbe akaingia chumbani, akatoka na zile chupa, akazipanga barazani. Akang'oa gunzi. Akanusa. Akanusa tena. Akaweka ulimi.

"Haya ni maji," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Hapo hapo Bi Zaina akaingia kutoka stesheni, kanga ya msiba bado kichwani, akaona nguo za mpwa wake zimetapakaa.

Aliuliza taratibu kuna nini. Mjumbe akaeleza. Bi Zaina akanigeukia mimi.

"Wakesho mwanangu, haya si maji yako? Kioo chako ulikifungia. Nami kila siku nakuona unayatazama kwanza, ndipo unamwaga. Nikasema haya yakimwagika hayajatazamwa, kazi ya mtoto wa watu imepotea. Nikawa nakinga kila siku saa tatu, na chombo nakipangusa. Shabani ndiye aliyenitafutia chupa. Fundo moja kwenye uzi ni Ijumaa, mafundo mawili Jumamosi, hivyo hivyo mpaka juzi. Ya Jumatatu ilijaa, nikatia chupa mbili."

Akaongeza kwamba alimwambia Shabani asinipe yeye, anataka kunipa kwa mkono wake.

Na majani? Shabani aliyafyeka ili nyoka asinigonge. Shaba? Aliuliza tu.

Nilisema samahani. Bi Zaina akasema, "Haya, yameisha." Shabani akainama kuokota mashati. Niliinama nimsaidie, akaniondolea shati mkononi.

Jumapili, 10 Aprili
Nimepima chupa zote mezani, Bi Zaina akinisomea mafundo kwa vidole. Ijumaa kumi na tisa. Jumamosi mbili. Jumapili ishirini na moja. Jumatatu arobaini na moja, siku ile mto ulipoingia majumbani. Pale nimeandika nane. Jumanne kumi na tano. Jumatano sita.

Hakuna hata moja niliyopatia.

Ningeweza kuandika daftari jipya. Nakala safi, wino mmoja, msimamizi angenisifu. Nimekaa na kalamu mpaka adhana ya alasiri. Nimejaribu ukurasa mmoja, nikauchana. Bi Zaina alikuwa anachambua mchele mlangoni na hakuinua kichwa. Najichukia, na nikiendelea kuandika nitajihurumia, kwa hiyo naacha.

Jumanne, 12 Aprili
Msimamizi amekuja na gari la chuo. Nimempa daftari lilivyo, namba zangu sita zimekatwa kwa mstari na za Bi Zaina zimeandikwa juu. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia nilikuwa Mikumi nikila mishikaki, nilirudi nikabuni, na zilizoandikwa juu ni za mama huyu.

Aliomba kuziona chupa. Alizigeuza mkononi moja moja, akahesabu mafundo, akamuuliza Bi Zaina alikinga saa ngapi na alijuaje saa. "Redio ya jirani, taarifa ya habari," akasema. Msimamizi akafungua jedwali, na kwenye safu ya mpimaji, siku zote sita, akamwomba aweke dole gumba. Bi Zaina alinawa mikono kwanza. Jedwali limekubaliwa.

Mimi sikukubaliwa. Hakupandisha sauti. Ripoti hakuna, vipimo nilibuni. Nitarudia mafunzo haya masika yajayo, na wenzangu watahitimu bila mimi. Nimeruhusiwa kumaliza masika haya, kwa sababu chombo kinahitaji mtu.

Jumatatu, 18 Aprili
Nimemwandikia baba. Sentensi ya kwanza imenichukua tangu alfajiri. "Baba, sitahitimu mwaka huu, na kosa ni langu." Zilizofuata zilikuja zenyewe. Nimempa Shabani barua aniwekee posta akipita kwenda sokoni. Ameipokea, ameitia mfukoni, akaondoka.

Saa tatu nikaenda uani. Bi Zaina alikuwa anafagia. Jana hapakunyesha. Nimeandika sifuri.