Bakuli la Mama Abdi

Jumapili, saa kumi alasiri, Kyuso. Jua limekaa juu ya mabati kama halina kwao, na mimi nimefunga duka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Mwaitu yuko hai. Naanza na hilo ili mwenye moyo mwepesi aendelee kusoma. Mwaitu, yaani mama yangu mzazi, aliyetoka Kathonzweni jana kuja kuniona, amelala kitandani kwangu sasa hivi. Amekunywa uji nusu kikombe, kisha akalalamika kwamba hauna sukari. Akianza kulalamika najua anapona.

Ijumaa ilikuwa Idi. Mama Abdi, jirani yangu mwenye duka la nguo, aliniletea pilau ya mbuzi kwenye bakuli lake la bati lenye maua mekundu, kama anavyofanya kila Idi kwa miaka sita. Nami kila mara hulirudisha na kitu ndani: ndengu, maembe, mayai. Bakuli haliendi tupu kati ya nyumba zetu. Hatukuwahi kukubaliana hivyo, ilitokea tu.

Mimi na binti yangu Ndanu tulikula mchana huohuo tukalamba vidole. Iliyobaki nikamwekea Mwaitu. Friji ninayo, ile ya soda pale dukani, lakini nani humpa mama yake chakula kilicholala kwenye baridi katikati ya chupa za soda? Nilivyolelewa mimi, chakula cha mgeni humngoja kikiwa na joto. Basi nikaijaza pilau kwenye hotpoti ya kutunza joto, nikaifunga kwa leso mbili, nikaiweka kando ya jiko lenye majivu ya moto. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Jana saa saba mchana Mwaitu akafika. Pilau ilikuwa bado vuguvugu. Nikaipasha mpaka ikafuka moshi na kushika kidogo chini ya sufuria, maana najua moto unaua kila kitu. Akala peke yake, sahani mbili, huku akiniombea baraka.

Saa tisa alianza kutapika.

Sijawahi kuona mtu akitapika hivyo. Alitapika mpaka hakukuwa na kitu tumboni, na bado tumbo likazidi kumkunja. Macho yalizama. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na hapo ndipo nilipotoka mbio kutafuta gari. Mwenye gari mmoja hapa sokoni akatukimbiza hospitali, Mwaitu akawekewa maji ya mshipani. Kaka yangu Muthui akafika kutoka Mwingi. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, akatuambia akipita mbio kwamba chakula alichokula kilikuwa na sumu.

Sumu. Neno moja tu.

Muthui akaniuliza nani alipika. Nikamjibu ni Mama Abdi. Sikudanganya, yeye ndiye aliyepika. Lakini nilijua pia kwamba mimi na Ndanu tulikula pilau hiyohiyo siku iliyotangulia na hatukuumwa hata kichwa. Hilo sikulisema. Nilikuwa nimeogopa, na hofu yangu ilitaka mtu wa kulaumu. Nikamtazama Muthui akiandika kwenye kikundi cha familia: "Mwaitu amewekewa sumu kwa pilau ya jirani. Msikule kwa hao watu."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Sikumshika.

Leo asubuhi daktari alipata nafasi, akaketi, akaniuliza vizuri. Tulikula lini? Chakula kilikaa wapi? Nikamweleza habari za hotpoti, leso na majivu, tena kwa majivuno kidogo, ili ajue mimi si mvivu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hakuna mtu aliweka sumu," akasema. "Wali ikikaa vuguvugu masaa mingi, kuna vidudu inaamka ndani na kutengeneza sumu. Ukipasha, vidudu itakufa. Sumu haitoki."

Nikamwuliza hata nikiichemsha sana? Hata ukiichemsha sana, akasema. Ningeiweka kwenye friji mapema, pale karibu na soda, pengine Mwaitu angekula, akalala usingizi wake, akaamka.

Miaka yote hii ninaamini moto. Sumu niliitunza mimi, nikaifunika leso isipoe, nikampakulia mama yangu, na alipomaliza nikamwongezea.

Nikaandika kwenye kikundi palepale kwamba hakuna aliyemwekea Mwaitu sumu, pilau ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeiharibu kwa kuitunza vibaya. Muthui ameusoma ujumbe wangu. Shangazi yetu amejibu maneno matatu: "Kumbe ni wewe."

Hivyo ndivyo neno sumu linavyofanya kazi. Likimwachia mmoja, linamshika mwingine.

Lakini ujumbe wa Muthui ulikuwa umeshatoka kwenye kikundi na kufika sokoni kabla yangu. Niliporudi na Mwaitu, nilimlaza kwanza, kisha nikaenda kwa Mama Abdi. Jumapili dukani kwake huwa hapatoshi. Leo alikuwa peke yake, anakunja madera ambayo hakuna aliyeyakunjua. Nilimwambia yote, pamoja na lile la kunyamaza Muthui alipoandika. Aliendelea kukunja.

Aliuliza hali ya mama. Nikamwambia anaendelea vizuri. Akamshukuru Mungu, na najua alimaanisha.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mama Ndanu, hiyo bakuli yangu niletee kesho. Na usiweke kitu ndani."

Nimeliosha mara tatu. Liko hapa mezani mbele yangu, tupu, maua yake mekundu yanang'aa.

Kesho nitapita kwanza kwa wanawake wa sokoni, mmoja mmoja, niwaambie ni mimi. Kisha nitampelekea bakuli lake likiwa na ndengu mpaka ukingoni. Akitaka kuzimwaga mlangoni, azimwage nikiwa nimesimama pale.