Kofia ya fanfare inatembezwa kwanza

Tonton Kambale,

Hapa Kisangani jua inapiga, na mimi ningali nacheka peke yangu! Nilienda kwenye meza yenye fanfare ya parokia, wale wa tarumbeta na ngoma, wanauzishia kofia zao, kukununulia nyekundu. Mama muuzaji, ndiye anapiga ngoma kubwa, aliposikia si yangu, akauliza: «Na kichwa iko wapi?»

«Iko Butembo, ya tonton yangu, mjomba.»

«Bon, donc wewe utatembea kwa ajili yake.»

Kwao kofia haiuzwe bila kutembezwa kichwani, kusudi isianguke siku ya défilé, wakati fanfare inapita barabarani. Yako ikanifunika macho. Akaijaza kitambaa, akavaa ngoma, akapiga pale pale. Nikanyanyua magoti kuzunguka meza, wateja wote nyuma yangu, hata papa mumoja na mukate yake mukononi! Haikuanguka.

Nikamwambia kwamba wewe, tangu docteur alikupasua goti, hautoke kwenye kiti. Akachukua bic, akaandika ndani ya kofia: «Mara ya kwanza, tembea mupaka kwenye mulango.»

Ninaileta, tonton. Nakukumbatia sana, na usiogope: ngoma nitapiga mimi, kwenye sufuria ya mama.

Masika wako